Nilienda kusomea uuguzi, nikaanza kuokota mawe

Kwenye sherehe zetu Waswahili wa huku Ohio, Marekani, ukisema unasoma chuo cha jamii utapewa ile hongera ya kuhurumiwa. Chuo kinachohesabika ni kile ambacho timu yake ya mpira inaonyeshwa kwenye televisheni. Hiki chetu ni cha miaka miwili, kinapokea karibu kila aliyemaliza sekondari, ada yake ni nafuu, na saa moja jioni utakuta nusu ya darasa bado wamevaa sare za kazini. Watu wanakiona ni chuo cha waliokosa.

Mimi nilikuwa na hesabu zangu. Nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee. Nawageuza, nawaogesha, nabadilisha mashuka, kisha anakuja muuguzi, anatia saini, anaondoka na mshahara ambao mimi nauota tu. Nikasema na mimi nitatia saini. Vyuo vya namna hii vilianzia Joliet, Illinois, mwaka 1901, ili vijana wa pale waanze masomo ya chuo kikuu bila kuhama kwao. Na mimi sikuweza kuhama, ila kilichonifunga ni watoto na kodi ya nyumba.

Muhula wa kwanza anatomia ya jioni ilikuwa imejaa. Mshauri wa masomo akatazama kompyuta yake, akasema jiolojia ina nafasi, na krediti zake zitanifaa siku nikitaka kuendelea chuo kikuu. Jiolojia! Mtu anataka kujua dawa na damu, anapelekwa kwenye mawe. Nikaandikishwa huku nimenuna.

Darasani nilikaa katikati ya dereva mstaafu wa malori na wasichana wawili ambao bado wako sekondari. Ohio ina mpango unaoitwa College Credit Plus, mtoto wa shule anasoma masomo ya chuo na serikali ya jimbo inamlipia. Nyuma yangu alikaa kijana wa Kikongo aliyeniita mama tangu siku ya kwanza, na kwa heshima hiyo akawa ananifundisha hesabu za grafu bila kuniaibisha. Profesa alitaka tumwite kwa jina lake la kwanza. Hilo lilinishinda. Nimemwita Profesa mpaka mwisho wa muhula.

Jambo lililonisumbua zaidi ni swali lake. Anakupa jiwe mkononi, anauliza, "Unaona nini?" Haulizi jibu. Mimi nimesoma shule ambayo mwanafunzi mzuri ni yule anayenyamaza mpaka ajue, kwa hiyo wiki za mwanzo nilinyamaza vizuri sana. Mpaka siku alipotoa jiwe la chokaa lenye kitu kama kombe kimeganda ndani yake. Akalidondoshea asidi kidogo, likatoa povu. Wale wasichana wakasema ni kombe. Sasa mimi ni mtoto wa Tanga. Nimeokota kombe na chaza kwa miaka, maji yakipwa. Mdomo ukanitoka: "Hiyo siyo kombe."

Darasa likageuka. Nikaeleza kwamba kombe lina vipande viwili vinavyofanana kama viganja viwili vya mtu mmoja. Hiki hapa kipande cha chini kimekizidi cha juu, lakini ukikata kila kipande katikati, nusu zake zinalingana. Profesa akaniacha nimalize, ndipo akasema mnyama huyu anaitwa brakiopodi, si jamaa ya kombe kabisa, na nilichokitaja ndicho wataalamu wanachokitazama kuwatofautisha. Nimeishi Marekani miaka mingi. Ilikuwa mara ya kwanza kitu nilichokijua kutoka nyumbani kihesabiwe kuwa elimu.

Baadaye tulikwenda Caesar Creek, hapa hapa Ohio, ambako ukipata kibali cha bure unaruhusiwa kuokota visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyoganda kwenye mawe. Masharti yao ni mazuri: hakuna nyundo, na usichukue kinachozidi kiganja chako. Mawe yale yana miaka kama milioni 450. Wakati huo Ohio yote ilikuwa chini ya bahari ya joto isiyo na kina, tena kusini mwa ikweta, upande uliko Tanga leo. Nilichuchumaa kwenye mawe nikacheka peke yangu. Kumbe nami nimekuja kufanya kazi baharini.

Anatomia nilikuja kuipata, na naipenda, ila ile "unaona nini" imenifuata hadi kazini. Zamani nikipewa maagizo juu ya mzee nilikuwa naitikia tu. Siku hizi namtazama kwanza, naandika nilichokiona, na nisipoelewa namuuliza muuguzi kwa nini. Mmoja hanipendi kwa hilo. Mwingine ameanza kuniita kabla hajampigia daktari, nimwambie mzee alilalaje.

Muhula ujao nina mikrobiolojia, pamoja na jiolojia ya pili, ambayo kwenye uuguzi haihesabiwi popote. Mume wangu ameuliza ni ya nini. Nimemwambia ada yake nimeshailipa.