Kabla hujanunua betri mpya

Gari likigoma kuwaka asubuhi, usikimbilie Kariakoo kununua betri. Washa taa kubwa kisha piga stata. Taa zikififia sana na ukasikia tak-tak-tak ya haraka, betri imeisha au vichwa vyake vimeshika kutu. Ukisikia "tak" moja nzito na taa hazijatetereka, geukia stata (mota inayozungusha injini iwake): mara nyingi kaboni, vipande vinavyopitisha umeme ndani yake, zimekwisha au sahani za shaba ndani ya solenoidi (swichi yake ya umeme) zimeungua. Ukiigonga kidogo kwa spana ikazunguka, mara nyingi ni kaboni, na itakuangusha tena foleni ya Ubungo.

Mita ya umeme ya bei rahisi inamaliza ubishi. Gari likiwa limelala usiku kucha, volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka isome 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alteneta (inayochaji betri injini ikizunguka) haichaji, na hata betri mpya itakufa.

Wengi husahau waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini. Huku kwetu pwani, chumvi hula pale polepole. Fungua hasi ya betri kwanza (spana namba 10 kwa magari mengi ya Kijapani), piga msasa mpaka chuma king'ae, rudisha hasi mwisho, kaza, paka grisi juu. Fundi akitaka kubadilisha stata nzima kabla hajaugusa huo waya, mwambie asubiri kwanza.