Nilivyozifanya buti zangu zivuke masika

Kazi yangu ya ugani hapa Lushoto ni ya kupanda na kushuka milima kwa miguu, na kuanzia Machi hadi Mei njia zote ni matope. Wenzangu wengi hununua viatu vipya kila mwaka. Mimi buti zangu za ngozi ni za mtumba, na bado ziko imara.

Nilipozichagua sikuhangaika na mng'ao. Nilikunja soli na kubonyeza kisigino kwa kidole gumba. Zipo soli nyepesi za povu ambazo zikikaa stoo muda mrefu huozeshwa na unyevu wa hewa. Kwa macho ni mpya, ukitembea zinameguka. Nikachukua zenye soli ya mpira.

Kabla ya kuzivaa nilizipeleka kwa fundi azishone pembeni kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Gundi peke yake haiwezi matope haya. Maji yakipata upenyo mdogo kwenye ncha ya kiatu, kila hatua unaupanua. Ukingoja soli iachame, mchanga umeshaingia na fundi ana kazi ya msasa kwanza. Kushona mapema, kwa maoni yangu, ndiko kulikoziokoa.

Jioni nayatoa matope yangali mabichi, kwa kitambaa chenye maji, na kwenye mshono natumia mswaki wa zamani. Nalegeza kamba, navuta ulimi mbele, natoa soli ya ndani, kisha nasokomeza magazeti. Yakilowa nabadilisha. Halafu kivulini, penye upepo. Baridi ya huku inashawishi mtu aviweke viatu karibu na mafiga, lakini ngozi iliyolowa ikipata moto hujikunja, hukakamaa, na hupasuka pale vidole vinapokunjia. Ufa huo hauna fundi! Ndiyo maana nina raba za kubadilishia, kwa kuwa buti iliyolowa haikauki kwa usiku mmoja.

Kiwi napiga ngozi ikishakauka kabisa, kidogo tu, nikiisugua hadi ndani ya mshono.

Visigino vyangu hulika upande wa nje. Vikianza tu, fundi hubandika kipande cha tairi na kukipigilia misumari midogo, maana kisigino kikilala upande, buti nzima hupinda na mshono huvutika.