Mianzi ya ukutani: masika ya kwanza jikoni

Kichaka kipo kona ya nyuma ya kiwanja chetu, Goba, Dar es Salaam. Nilikipanda mwaka 2017 kwa vipande viwili vya shina, kila kimoja na vifundo vitatu. Nilivilaza kwenye udongo nikavisahau. Ni ule mwanzi wa njano wenye michirizi ya kijani, Bambusa vulgaris, siyo ule wa Iringa na Njombe unaogemwa ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Hautambai mbali kama mianzi mingine, unanenepa palepale ulipo, na kunenepa huko sasa kumefika ukutani kwa jirani. Mwaka jana alinijia kwa adabu zote: "Mama, ile mianzi yako itaniangushia ukuta." Nikamwahidi kwamba masika yakiingia, kila chipukizi litakaloelekea kwake nitalikata. Kukata sikuona tabu. Kutupa ndiko kulikonishinda, nikaamua tuyale.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Jumanne hapakuwa na kitu, leo machipukizi matano. Manne yana urefu wa kiganja na kidogo, la tano linanifika gotini. Hilo la tano nimeliacha, maana likishazidi futi moja linaanza kuwa mti.

Nilifukua udongo kwa jembe kwanza, kwa sababu sehemu nene na laini imejificha chini, ndipo nikakata kwa panga. Kosa langu la kwanza: sikuvaa glavu. Magamba ya mwanzi huu yana vinyweleo vyeusi vinavyowasha kama upupu. Nilijikuna mpaka saa mbili usiku, mafuta ya nazi hayakufua dafu.

Kumenya kumbe ni rahisi. Pasua chipukizi kwa urefu kutoka nchani hadi kwenye kitako, ingiza kidole gumba chini ya magamba, yote yanavuka kwa mkupuo mmoja. Ndani unakuta kiini cheupe chenye vyumba vidogovidogo vilivyopangana kama ngazi. Kwenye mizani kilo 3.8 zimebaki kilo 1.2. Mbuzi wa jirani amefaidi magamba? Hapana, amenusa akageuka.

Jumapili, 6 Aprili

Leo ni siku ya uchungu. Chipukizi bichi la mwanzi lina kitu kinachoitwa taksifilini, ambacho likikatwa hutoa sianidi, jamaa ileile ya sumu iliyomo kwenye muhogo mchungu. Bahati nzuri taksifilini haistahimili moto, na sianidi yenyewe huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, ambazo hapa Dar ni joto la alfajiri. Kwa hiyo kanuni zangu ni mbili: vipande vyembamba, na sufuria wazi. Ukifunika, unachotaka kitoke kinarudi na mvuke. Nilipika nje kwenye jiko la mkaa.

Maji ya kwanza niliyachemsha dakika ishirini, yakawa na rangi ya chai ya rangi iliyofifia. Nikamwaga. Maji ya pili yalikuwa yale ya kuoshea mchele pamoja na pilipili kavu mbili, dakika thelathini. Baada ya hapo ndipo nilipogusisha kipande kwenye ncha ya ulimi: bado uchungu, kama mwarobaini uliochanganywa na mahindi mabichi. Maji ya tatu, dakika ishirini tena. Sasa sawa. Watu wanaosimulia kwamba maji ya mara moja yanatosha labda wana mianzi ya aina nyingine. Huu wa kwangu unataka matatu.

Ladha? Aliyewahi kula kichilema cha mnazi, ule moyo laini wa kileleni, atanielewa. Ni kama kichilema ila kinakaza zaidi chini ya meno, na harufu yake ni ya gunzi la mahindi ya kuchemsha.

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi nimefungua bakuli kwenye friji nikakuta unga mweupe umejaa kwenye vile vyumba vya ngazi, kama vumbi la chaki. Nikajua ukungu, nikawa nimeshalisogeza bakuli mpaka kwenye pipa la taka. Ukungu lakini una manyoya, na huu ulikuwa punje tupu. Ni tirosini, sehemu ya protini ya chipukizi lenyewe, hujitenga maji yakipoa na haina madhara. Nimesuuza, nimerudisha.

Jioni mchuzi. Nazi mbili. Kitunguu, saumu na bizari kwenye mafuta kidogo, nyanya mbili, halafu uduvi mkavu niliouosha mara mbili. Vipande vya mwanzi viliingia na tui jepesi, vikatokota robo saa ili vinywe chumvi, kwa sababu vyenyewe havina chochote cha kukupa isipokuwa ule ukakamavu. Tui zito mwishoni, mwiko usitulie lisije likakatika. Ndimu baada ya kuipua. Mume wangu aliongeza wali. Mdogo wetu alitenga vipande pembeni mwa sahani, akala mchuzi, akaniuliza kama kesho tunakula uzio.

Jumamosi, 19 Aprili

Machipukizi tisa, kilo karibu 3 zilizomenywa. Hatuwezi kula zote, ndipo hadithi ya kuhifadhi inapoanza, na inaanza vibaya.

Nilichemsha vyote mara tatu, nikajaza mitungi miwili ya kioo, nikamimina maji ya chumvi, gramu 20 kwa lita, nikaiacha kabatini ichachuke. Siku ya tatu maji yakawa meupe kama maziwa, nikafurahi. Siku ya tano nimefungua: utelezi kama bamia, na harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa. Nimemwaga vyote shimoni. Nikikaa kufikiri, kosa liko wazi. Wanaochachusha machipukizi kule Assam, India, huanza na chipukizi bichi lililopondwa, lenye vijidudu vyake vya uchachu. Mimi nilivichemsha vijidudu vyema vikafa vyote, halafu nikaweka chumvi haba kwenye joto la Aprili. Nilikuwa nimewaandalia karamu wageni wowote watakaotangulia kufika.

Jumapili, 27 Aprili

Shemeji alishauri vipande vinavyofuata nivijaze kwenye chupa, nimwagie mafuta juu, nifunge kabisa nisiingize hewa. Nimemkatalia. Chakula kisicho na uchachu, kilichofungiwa pasipo hewa kwenye joto, ndicho makao ya bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaopooza mwili. Mwaka 2006, mkoa wa Nan nchini Thailand, watu 209 waliugua kwa machipukizi ya mwanzi yaliyohifadhiwa nyumbani kwenye makopo, na wengine walihitaji mashine ya kupumulia. Hayo yalikuwa machipukizi, siyo kitu kingine. Bakteria huyo hakui palipo na uchachu wa pH chini ya 4.6.

Kwa hiyo achari. Vipande vilivyochemshwa mara tatu, siki ya dukani ya asilimia 5 bila kuongeza hata kijiko cha maji, chumvi, sukari kidogo, saumu, bizari, na pilipili mbuzi sita. Siki nimeichemsha nikaimimina ya moto mpaka ikafunika kila kipande. Mitungi mitatu, na yote imelala kwenye friji. Sijajipa moyo wa kuiweka kabatini.

Mei

Kukausha: nimeacha. Masika na ungo wa kuanika ni maadui. Jua saa mbili, mvua saa nne, na sisimizi kati yake.

Friza inafanya kazi vizuri kama vipande vimechemshwa kwanza na kufungwa kwa kiasi cha mlo mmoja mmoja. Umeme ulikatika usiku kucha tarehe 14, mifuko ya juu ikayeyuka, tukala mwanzi siku mbili mfululizo. Mdogo wetu hakusema kitu tena. Anavila sasa, mradi vimekaangwa na yai.

Jumapili, 8 Juni

Machipukizi yamekoma. Kwa jumla nimekata ishirini na sita, yote ya upande wa jirani, na kumi na moja nimeyaacha yawe mianzi. Jirani amepata mtungi mmoja wa achari, ameurudisha mtupu na kuuliza la upande ule lililobaki nalikata lini.

Mama mkwe amefika jana kutoka Njombe. Mwezi wa nne, nilipomsimulia kwenye simu, alinyamaza kidogo halafu akasema, "Sasa mwanangu, mkiula mwanzi ungali mtoto, sisi tutakunywa nini?" Leo mchana ameonja achari kwa ncha ya kijiko, akaongeza, akaomba ugali. Baada ya kula ametoka nje na kisu cha jikoni. Nimemkuta kichakani amelishika lile chipukizi la mwisho, limeshampita kimo, anatafuta pa kukata ncha ili agemee.

Nimemwambia, "Mama, huu siyo ule wa ulanzi."

"Umeshaujaribu?"

Sijaujaribu. Nimemletea kikombe.