Kiroba cha Vigae

Agosti 2019 gari la taka halikupita mtaani kwetu Tabata, Dar es Salaam, wiki tatu mfululizo. Viroba vikajaa ukutani, mbwa wakavitoboa, funza wakatambaa hadi mlangoni kwa jirani. Nikakodi kirikuu, tukapakia na dereva, tukashika njia ya dampo la Pugu.

Tabata nayo ilikuwa na dampo lake zamani. Marehemu baba alikuwa akisimulia moshi ulivyoingia hadi chumbani, mpaka wakazi wakaenda mahakamani mwaka 1988 na hatimaye likafungwa. Taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, sasa Pugu Kinyamwezi. Moshi ule haukuisha, walirithishwa wenzetu.

Kirikuu kilipanda kilima cha taka, matairi yakibonyea kama juu ya godoro. Mifuko ya nailoni, iliyopigwa marufuku tangu Juni Mosi, bado ilikuwa imetapakaa kila mahali. Kabla hatujasimama vizuri, watu kama kumi walishatuzunguka na kulabu zao: huyu anatafuta chupa za plastiki, yule chuma chakavu.

Mama mmoja wa makamo akawahi kiroba changu cha kwanza. Nilijua kilichomo. Wiki iliyotangulia kabati la vyombo lilikuwa limeanguka, nami nikafagia glasi na sahani zilizovunjika, nikazimwaga humo pamoja na maganda ya ndizi, bila hata kuzifunga kwenye gazeti. Kabla sijafumbua mdomo, mkono wake ulishazama ndani.

Hakupiga kelele. Aliutoa taratibu, akautazama. Kiganja cha kulia kilikuwa kimechanika chini ya kidole gumba, damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko. Akachana pindo la kanga aliyojifunga kiunoni, akalizungusha, akakaza fundo kwa meno.

"Shikamoo mama. Nisamehe, vigae hivyo nilimwaga mimi."

"Marahaba mwanangu. Mngekuwa mnavifunga peke yake tu. Sisi hatuoni ndani."

Nikamsihi nimpeleke zahanati. Akageuka kutazama lori lililokuwa linapanda nyuma yetu, wenzake wameshaanza kulikimbilia.

"Nikiondoka saa hizi, leo watoto hawali."

Nikatoa elfu ishirini, ndizo nilizokuwa nazo baada ya kutenga za dereva. Akaunyanyua mkono wa kulia, ule uliofungwa kanga, akaurudisha, akanyoosha mwingine.

"Uniwie radhi, baba," akasema, "napokea kwa kushoto."

Kisha akaokota kulabu yake, akalifuata lori.