Siku mbili Malta, nikimfuata kepteni wa Upholder

Meli yetu iliingia Malta kufanyiwa matengenezo, tukapewa siku mbili za kushuka, wenzangu wakaelekea madukani, mi nikawaambia nina mtu namfuata. Mtu mwenyewe ni marehemu tangu 1942, David Wanklyn, kepteni wa nyambizi ya Waingereza iliyoitwa Upholder. Nilianza kumsoma kwa ajili ya babu yangu. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipigana na Mtaliano Uhabeshi mwaka 1941, na alikuwa anatuambia Mtaliano alishindwa kule kwa sababu meli zake zilikuwa hazipiti tena Suez, hakuna risasi mpya, hakuna spea. Sasa upande wa Libya ilikuwa kinyume, huko askari na mafuta vilikuwa vinavushwa kutoka Italia mpaka Tripoli, na Malta ipo hapohapo njiani, ndo maana nyambizi za Waingereza ziliwekwa pale.

Nikapanda kutoka bandari kubwa nikakatiza Valletta kwa mguu, mji wote ngazi na vichochoro, nikashukia upande wa pili kwenye feri ya Sliema. Kuna mzee alikaa karibu yangu akawa anahesabu kwa Kimalta na mjukuu wake, nikasikia sitta, sebgħa, nikashtuka kabisa, sita na saba hizo! Nikamwamkia, tukapiga stori kwa Kiingereza, akaniambia bahari wao wanaita baħar. Nilipomtajia Upholder akanyoosha kidole ng'ambo ya maji, akasema Lazzaretto ile pale, walikuwa wanafunga palepale ukutani.

Lazzaretto ni majengo ya karantini ya zamani sana, ya karne ya 17, yako kwenye kisiwa cha Manoel ambacho sasa unaingia kwa daraja dogo tu. Ndani sikuingia, nikatembea nje mpaka nilipoweza kusimama karibu na mawe. Ni mawe ya rangi ya asali, laini, chumvi imeyala yamekuwa na vitundu vitundu kama yale ya nyumba za Mji Mkongwe, ukipitisha kidole unga unabaki mkononi. Nilikaa pale muda mrefu. Mi kazi yangu bahari, najua mtu akirudi safari anavyouangalia ukuta wa gati, na hawa jamaa walikuwa wanaondoka hapa, wanakaa wiki mbili hivi baharini, mchana wote chini ya maji, halafu wanarudi kwenye ukuta huuhuu. Mwanzoni mwa 1942 mabomu ya ndege yalizidi mpaka nyambizi zikiwa bandarini zilikuwa zinazamishwa makusudi mchana zikalale chini, yaani hata nyumbani hupumui.

Wanklyn alifika hapa Januari 1941. Wengi hawajui kwamba baada ya mwanzo mzuri alipita kipindi kirefu anakosa tu, topido zinapita pembeni, mpaka mkuu wake, Simpson, akaanza kujiuliza kama huyu bwana amwache au amtoe. Akamvumilia. Tarehe 24 Mei jioni, pwani ya Sicily, giza linaingia, periskopu haionyeshi vizuri tena na mtambo wa kusikiliza umeharibika, Wanklyn akakutana na msafara wa meli kubwa za abiria zimejaa askari, manowari zinazilinda. Akasogea karibu hivyohivyo. Akaipiga Conte Rosso, ikazama na watu kama 1,300. Kisha wakashushiwa mabomu 37 ndani ya dakika ishirini, na wao hawana masikio ya kujua adui yuko upande gani. Kwa shambulio hilo alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza.

Lakini mi kama mtu wa usukani, inayonishika zaidi ni ya Septemba 18. Usiku, Upholder iko juu ya maji, dira ya jairo, ile ya umeme, imekufa, pua ya chombo inayumba kushoto kulia na haitaki kutulia, na msafara uko kilometa nne na zaidi. Mwingine angeacha. Yeye aliutumia ule myumbo wenyewe, pua ikipita kwenye shabaha anaachia topido moja, ikirudi anaachia nyingine. Neptunia na Oceania, meli mbili za kubeba askari, kila moja tani zaidi ya 19,000, zote zikapigwa. Neptunia ikazama, Oceania ikasimama haiendi, akaenda chini, akajaza topido upya, akarudi asubuhi akaimaliza. Namshukuru Mungu safari hiyo askari wengi waliokolewa. Wale wa Conte Rosso nawafikiria pia, vijana walipandishwa meli kama babu yangu alivyopandishwa lori.

Siku ya pili nilienda makumbusho ya vita pale ngome ya Saint Elmo. Kuna ule msalaba wa George, nishani ya ushujaa, ambao mfalme wa Uingereza alikipa kisiwa kizima, tarehe 15 Aprili 1942. Nikasimama mbele ya kioo nikapiga hesabu. Upholder iliondoka Malta 6 Aprili kwa safari yake ya 25, iwe ya mwisho kabla ya kurudishwa Uingereza kupumzika, na inaaminika ilipotea 14 Aprili. Siku moja tu kabla! Kepteni, na mabaharia wake zaidi ya 30, hakuna aliyerudi. Mke wake Elspeth walioana hapahapa Malta, 1938, na tangazo la serikali kwamba nyambizi imepotea lilitoka Agosti 22. Miezi minne ya kungoja. Mama yangu aliwahi kumngoja baba siku kumi na moja, dau lao limepotea upepo, najua nyumba inavyokuwa, hakuna anayezima taa.

Tulipomaliza matengenezo tulikuwa na mzigo wa Tripoli. Zamu yangu ilikuwa saa sita usiku mpaka saa kumi, bahari shwari, na kwenye saa nane nikamwomba mwenzangu anishikie dakika mbili, nikatoka nje ya brigi, chumba cha kuongozea meli, nikaangalia maji upande wa kusini, nikawataja wote kwa dua, wa Upholder na wa Conte Rosso, halafu nikarudi kwenye rada.