Santuri tatu za Bangladesh

Jumapili, usiku

Leo nimeshinda na santuri tatu za The Concert for Bangladesh, rekodi ya onyesho la muziki la kuchangia wakimbizi. Zinaanza bila roki kabisa. Ni wanamuziki wa India: Ravi Shankar na sitar, Ali Akbar Khan na sarod, vyote vyombo vya nyuzi, na Alla Rakha kwenye tabla, ngoma ndogo mbili. Wanakaza nyuzi, wanalegeza, wanatafuta sauti zipatane, mara ukumbi mzima unapiga makofi. Shankar anawashukuru kwa upole, kisha anawaambia kuwa ikiwa huko kulinganisha sauti za vyombo kumewafurahisha hivyo, anatumaini muziki wenyewe utawafurahisha zaidi. Hapo nimeparudia tena na tena.

Nafurahi kwamba yeye ndiye aliyetangulia, maana mwenye msiba alikuwa yeye. Shankar alikuwa Mbengali, na mwaka ule wa 1971 Wabengali wa Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, waliopigwa na kimbunga Novemba ya 1970, walikuwa wakikimbia vita kwa mamilioni kuingia India. Alimwendea rafiki yake George Harrison, akitarajia kupata labda dola 25,000. Harrison alikuwa mpiga gitaa wa The Beatles, bendi iliyoacha ziara mwaka 1966, na jukwaa lilimtia hofu, lakini alianza kuwapigia simu wenzake. Tarehe 1 Agosti walijaza ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mara mbili kwa siku moja. Bob Dylan alikuja, Eric Clapton na Ringo Starr pia. Viingilio vilileta dola 243,418.50, zikaenda UNICEF kwa ajili ya watoto.

Kinachoniuma ni pesa za mauzo ya santuri, nazo pia zilikuwa za watoto. Onyesho halikupangwa tangu mwanzo kupitia UNICEF, basi watu wa kodi wa Marekani wakaingia kati, na mamilioni ya dola yakazuiliwa kwa miaka. Miaka! Mtoto wa kambini anahitaji maziwa leo jioni. Sioni namna ya kulisamehe jambo hilo, hata kama sheria ilisema hivyo.

Halafu kuna jalada: mtoto aliyekonda, ameketi, mbele yake chombo cha chakula kitupu. Nimelitazama sana. Huyu ana mama yake, na mimi nisingependa mwanangu ajulikane ulimwenguni kwa njaa yake. Lakini juu ya jalada hilohilo kuna jina la nchi. Santuri zilitolewa huko Marekani Desemba 1971, na serikali ya Marekani ikaja kuitambua Bangladesh Aprili 1972. Vijana waliokuwa wakinunua muziki walilitamka jina hilo kabla ya wakubwa wao. Kwa hilo namshukuru Harrison kwa moyo wote.

Alifariki 2001. Tangu 2005 kuna mfuko wa UNICEF wenye jina lake, na mapato ya muziki huu yanaingia humo kwa ajili ya watoto. Nakala niliyosikiliza leo ni ya kuazima. Mwisho wa mwezi nanunua yangu.