Kitenge cha mama mdogo

Simu ilinikuta Birere, mtaa wa soko hapa Goma, nikinunua misumari. Ilikuwa Julai 2021. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka Mei 22 na kutukimbiza hadi Sake, na ingawa tulisharudi Goma, watu walikuwa bado wanalala na viatu miguuni. Mjomba ndiye aliyepiga, kutoka Marekani. Alisema: "Mdogo wako ameanguka na ndege. Mwambie mama yake wewe. Mimi siwezi."

Mdogo wangu huyo ni mtoto wa mama mdogo. Tulilelewa nyumba moja, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege ikipaa bati hutetemeka na wenye mazungumzo hunyamaza mpaka ipite. Lava ya Januari 2002 ilikuwa imefunika kipande cha njia ya kurukia. Sisi watoto tulihesabu kwa sauti ndege ikianza kukimbia, tukibishana itainuka kwenye namba ngapi. Aprili 15, 2008, moja haikuinuka. Iliingia kwenye nyumba na vibanda vya Birere, moshi ukatanda hadi kwetu. Hatukuhesabu tena. Yeye alikuwa na miaka kumi, na tangu hapo akawa anauliza kila mtu kwa nini ndege huanguka, hata mapadri.

Baadaye mjomba alimchukua. Huko akasoma urubani, akapata leseni. Lakini rubani kijana wa Marekani, ili aingie kwenye mashirika makubwa, kwa kawaida hudaiwa saa 1,500 za kuruka, na kuzinunua mwenyewe ni mali ya tajiri. Wengi hutafuta kazi yoyote itakayowapa saa hizo. Yeye aliipata ya kuvuta mabango ya matangazo juu ya ufukwe, watu wanaoogelea wayasome.

Mama mdogo aliponiuliza ni kazi gani, nilimjibu: "Anavuta kitambaa tu, mama. Kazi nyepesi." Nilimjibu hivyo Sake, mwezi wa tano, tumekaa kwenye mkeka na vyungu vyetu, naye akimshukuru Mungu kwamba angalau mmoja wa watoto wake yuko mbali na moto. Neno hilo "nyepesi" ndilo lililonikaa kooni njia nzima kutoka Birere.

Kilio chenyewe kilikuwa kama vilio vyote vya Goma: hema, viti vya kukodi, nyimbo za kanisa hadi usiku. Ila mwili haukuwepo, alizikwa kulekule. Palikuwa na picha yake mezani, na mishumaa.

Siku ya tatu mama mdogo aliniita chumbani, akafunga mlango.

"Kitambaa kinaangushaje ndege? Nionyeshe."

Nilikuwa nimeshazungumza na mwenzake wa kazini, nikamwambia kama nilivyoambiwa. Ndege hairuki kutoka chini ikiwa na bango. Inapaa tupu kwanza, kisha rubani anarusha ndoano nje, ikining'inia nyuma kwa kamba. Nilichukua chupa mbili za maji, nikazisimamisha sakafuni, nikapitisha uzi juu yake. Ule uzi nikaufunga kwenye pembe ya kitenge chake, nikakitandaza. Kiganja changu kikawa ndege. Anashuka chini sana, ndoano inanasa uzi, na papo hapo lazima ainue pua juu kwa nguvu zote za injini, ili bango libanduke ardhini bila kuburuzwa. Hapo mwendo unapungua. Ukipungua mno, bawa linaacha kubeba. Ukiwa juu sana unashusha pua, unapata mwendo tena. Ukiwa chini, ardhi inakuwahi.

Kitenge kiliinuka nusu, kiganja changu kikaenda upande.

Akakitazama muda mrefu. "Hakuna namna ya kukiachia?"

"Ipo, mama. Kuna mpini. Ukiuvuta, bango lote linaanguka."

"Aliuvuta?"

Nilimwambia kwamba bango lilikutwa mbali na ndege, kwa hiyo aliuvuta. Alichelewa kidogo tu. Akatikisa kichwa taratibu, akanishika mkono uleule uliokuwa ndege, akaubana. Nilianza kumwomba msamaha kwa lile neno la Sake. Hakunijibu. Sijui hata kama alinisikia, maana alikuwa anatazama kitenge pale sakafuni.

"Liliandikwa nini?"

Nilijua. Herufi nyekundu, kila moja ndefu kama mtoto wa shule. Lilikuwa tangazo la samaki wa kukaanga, nusu bei hadi Jumapili. Nikamsomea neno kwa neno.

Akafungua uzi kwenye pembe, akakikunja kitenge mara nne, akakiweka chini ya mto wake.